Ukurasa wa Nyumba: Gesi Haiishi Kama Mafuta ya Taa



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kiyoyozi. Zamani chombo hiki kilikuwa cha mabenki na mahoteli makubwa, na mtu wa kawaida alikiona kwa mbali tu. Leo kimeingia katika nyumba zetu, katika misikiti, na hata katika baadhi ya vyuo vya watoto. Twakinunua kwa fedha tulizozikusanya kwa taabu, twafurahi nacho siku za mwanzo, kisha twakiacha ukutani na kukisahau mpaka siku kitakapotuudhi. Siku hiyo ndipo tunapomwita fundi, naye hutazama kidogo, kisha hutamka maneno mawili: "Gesi imekwisha."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nitakuelezeni kisa chake, ijapokuwa sehemu yake inanitia haya mimi mwenyewe.

Dada yangu mkubwa ni mjane, anaishi Tanga karibu na bahari, naye ana maradhi ya pumu. Mwanawe alimnunulia kiyoyozi ili apate kulala wakati wa kaskazi, kwani joto la Januari na Februari mwalijua nyote mlio pwani. Mwaka wa kwanza alishukuru sana. Mwaka wa pili akaanza kulalamika: hewa yatoka kidogo, chumba hakipoi, na asubuhi huamka kifua kimembana kuliko alivyolala. Mimi nikamtafutia fundi. Nilimchagua kijana niliyemsomesha mwenyewe chuoni, tangu alifu mpaka akahitimu juzuu zote 30, nikasema moyoni kwamba huyu hatatupunja. Akaja, akaunganisha mtungi wake, akatia gesi, akachukua ujira wake, akaenda zake. Chumba kikapoa siku chache, kisha mambo yakarudi pale pale. Akaitwa tena, akatia gesi tena. Katika kaskazi moja alitia gesi mara tatu. Mara ya tatu dada yangu alilipa kwa fedha alizoziweka kwa ajili ya karo ya mjukuu wake, wala hakuniambia neno.

Asubuhi moja mjukuu huyo alinijia kabla sijatoka nyumbani, akaniambia, "Babu, bibi hakulala usiku. Amekaa kitako mpaka alfajiri." Nikaenda mbio. Nilikikuta kiyoyozi kinavuma, baridi hakuna, na maji yanachuruzika ukutani mpaka kitandani. Nikakizima, nikapanda juu ya kiti, nikafunua uso wake, ijapokuwa sikuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo. Nilichokiona humo sikukitarajia. Lile chujio, au filta kama waitavyo mafundi, lilikuwa limefunikwa na vumbi nene la rangi ya kijivu, lenye utando wa mafuta na harufu ya udi. Upepo ungepita wapi? Nikalitoa, nikalipeleka uani kuliosha, na maji yakatoka meusi kama yaliyooshea sufuria ya jiko la makaa. Tulipolirudisha, hewa ikatoka kwa nguvu ambayo dada yangu hakuiona tangu mwaka uliotangulia.

Usiku ule baada ya sala ya Isha nilimwendea yule kijana. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumuuliza amana ameiweka wapi. Akaniamkia, "Shikamoo, maalim," akanipa kiti, nami nikamweleza niliyoyaona. Aliinamisha kichwa, kisha akasema: "Maalim, sikufungua chujio. Lakini nikimwambia mwenye nyumba kwamba kiyoyozi chataka kuoshwa tu, huniambia kuosha ataosha mwenyewe. Wala haoshi, wala hanilipi hata nauli. Nikimwambia gesi imekwisha, hutoa fedha hapo hapo. Nami ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha kazi."

Nikamwambia kwamba huo si udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu, naye akakiri. Fedha za mara mbili za mwisho alizirudisha, na Jumamosi yake akaja na ndoo, brashi na mpira wa maji, akaosha kila kitu asitake ujira. Walakini maneno yake hayakuniacha. Nilijiuliza: je, ni uwongo aliyoyasema? La. Sisi wenye nyumba hulipa gesi wala hatulipi usafi, na anayetuuzia tunachokitaka humwita mwizi siku tunapogundua kwamba hatukukihitaji. Kosa lake lilikuwa lake, na letu lilikuwa letu.

Hebu basi tufahamu kiyoyozi kinafanya nini, kwani asiyekijua chombo chake hutawaliwa na kila anayejidai kukijua.

Watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi kama jiko linavyotengeneza moto. Sivyo. Kiyoyozi hulichukua joto lililo ndani ya chumba na kulitoa nje. Mfano wake ni mtu aliye katika mashua inayoingia maji, naye ana ndoo moja: huchota ndani na kumwaga baharini, huchota na kumwaga, kutwa kucha. Ndoo hiyo ndiyo gesi. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Ikifika ndani ya chumba huwa majimaji yanayogeuka mvuke, na kwa kugeuka huko huvuta joto, kama vile uonavyo baridi unapotoka kuoga na maji yakakukaukia mwilini. Kisha kompresa huukandamiza mvuke huo na kuupeleka katika sehemu ya nje. Huko huacha joto lake, hugeuka majimaji tena, na safari huanza upya.

Sasa, je, ndoo huisha kwa kuchotea maji? Haiishi. Mafuta ya taa hupungua kwa sababu yanawaka. Gesi ya kiyoyozi haiwaki humo wala hailiwi, na kiyoyozi kilichofungwa vizuri chaweza kukaa miaka mingi na gesi ile ile. Ikiwa kweli imepungua, basi pana mahali inavuja, na mahali hapo hapana budi patafutwe na kuzibwa kwanza. Kutia gesi bila kuziba tundu ni kujaza maji katika mtungi uliopasuka.

Mtu aweza kuuliza: mbona chumba cha dada yako kilipoa siku chache kila alipotia gesi? Jawabu ni hili. Ndani ya kiyoyozi, nyuma ya chujio, mna mabomba yenye mapezi membamba ya alumini, ambayo mafundi huyaita koili. Hewa ya chumba isipopita juu ya koili kwa sababu ya vumbi, koili hukosa joto la kuchukua, hupoa kupita kiasi, na unyevu ukaganda barafu juu yake. Barafu ikiganda huziba njia iliyobaki. Fundi alipokizima ili afanye kazi yake, barafu iliyeyuka, njia ikafunguka, na sote tukadhani kwamba gesi ndiyo iliyoponya. Ni kweli kwamba gesi ikipungua barafu huweza kuganda vile vile. Kwa hivyo safisha kwanza, na ikiwa barafu yarudi baada ya kusafisha, hapo ndipo fundi atafute panapovuja.

Yafaa tujue pia kwamba tangu asili yake chombo hiki hukausha hewa. Mwaka 1902 mhandisi wa Kimarekani, Willis Carrier, alitakiwa kuondoa taabu ya unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kwani karatasi zilivimba na kusinyaa kwa unyevu na rangi hazikuangukia mahali pake. Kazi yake hiyo ndiyo iliyoanzisha viyoyozi vya aina ya sasa. Katika miji ya pwani, ambako hewa imejaa unyevu, kiyoyozi kimoja chaweza kutoa lita kadhaa za maji kwa usiku mmoja. Maji hayo yakikutana na vumbi gizani huota kuvu, na kuvu hupeperushwa na feni mpaka puani mwa aliyelala. Mwenye pumu hudhurika kwanza, na mtoto mchanga pia. Kwa hivyo usafi wa kiyoyozi ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la starehe.

Sasa nitaeleza kazi ambazo kila nyumba yaweza kujifanyia, na kijana wa miaka kumi na mitano aweza kuzifanya mzazi akiwa karibu.

Kwanza, zima umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwani umeme bado umo ndani. Usifungue mfuniko wowote uliofungwa kwa skrubu, wala usiguse nyaya. Sehemu ya nje huwa na kifaa kiitwacho kapasita, ambacho huweza kuweka umeme hata baada ya kuzimwa, na mshtuko wake ni wa hatari.

Pili, toa chujio kila baada ya wiki mbili ikiwa kiyoyozi hutumika kila siku, au mara moja kwa mwezi kikitumika kidogo. Likung'ute nje, si chumbani. Kisha lioshe kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu na sabuni kidogo, upitishe maji kutoka upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia. Usilisugue kwa nguvu, wala usitumie maji ya moto, kwani ni plastiki na huweza kupinda. Lianike kivulini mpaka likauke kabisa. Chujio lililorudishwa likiwa bichi hukaribisha kuvu.

Tatu, futa uso wa kiyoyozi na mahali hewa inapotokea kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala dawa kali ya kung'arishia nguo. Mafuta huweza kuwaka, na dawa hiyo hula alumini na kuacha harufu mbaya kifuani. Manukato pia yasipulizwe ndani yake. Ukisikia harufu ya ukungu, manukato huifunika kwa saa moja tu, na uchafu ubaki pale pale.

Nne, angalia paipu ya maji. Kiyoyozi kinapofanya kazi wakati wa joto, paipu hiyo hudondosha maji nje. Ikiwa nje hakudondoki na ndani ya chumba ukuta umelowa, paipu imeziba kwa utelezi au wadudu, nayo yataka kuzibuliwa. Tazama pia maji hayo yanaangukia wapi. Nimeona nyumba mbili zilizokaa kwa wema miaka mingi zikaacha kuamkiana kwa sababu ya matone yaliyokuwa yakiangukia mlangoni pa jirani usiku na mchana. Haki ya jirani twaijua sote. Paipu ndefu kidogo, au ndoo ya kukinga, yatosha kuondoa fitina. Maji hayo si ya kunywa, lakini yafaa kumwagilia maua na kupigia deki uani.

Tano, sehemu ya nje isisongwe. Usianike nguo juu yake, usiiwekee magunia, na majani yanayojikusanya yaondolewe, kwani hapo ndipo joto la chumba chako linapotokea, na likizuiliwa kompresa hufanya kazi bila ya kupumzika. Wanaoishi karibu na bahari wana adui mwengine, nayo ni chumvi ya upepo, ambayo hukaa juu ya mapezi ya alumini na kuyala. Mkisha kuzima umeme, miminieni mapezi hayo maji matamu kwa mpira, kwa nguvu ndogo, kwani mapezi ni membamba na hupinda upesi. Ikiwa sehemu hiyo imefungwa juu ghorofani, msipande. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye ngazi na mkanda.

Hayo ndiyo yetu. Kazi ya fundi ni kufungua na kuosha koili, feni ya ndani na beseni la maji. Kazi hiyo yafaa ifanywe mara moja kwa mwaka, na mara mbili kwa nyumba za pwani na nyumba zenye vumbi jingi. Wakati mzuri ni Novemba, kabla kaskazi haijaingia. Ukingoja Februari, mafundi wote wana kazi, nawe utalipa bei ya mwenye dhiki.

Fundi akikwambia kwamba gesi imekwisha, muulize kwa adabu maswali matatu. La kwanza: umekwisha kukiosha? La pili: inavuja wapi, nami nione? Fundi ajuaye kazi atakupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, na mapovu yatavimba mahali inapovuja. Mara nyingi huwapo pia doa la mafuta. La tatu: gesi gani? Jina lake limeandikwa katika kibati kilicho kwenye sehemu ya nje, nayo haichanganywi na nyingine. Gesi ya R-32, iliyo katika viyoyozi vingi vipya, huweza kushika moto ikitoka nje ya mabomba. Kwa hivyo wakati wa matengenezo pasiwe na jiko, kiberiti wala sigara karibu.

Wala fundi asiifungulie gesi hewani ili kuitupa. Gesi ya zamani ya R-22 huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, na ni katika gesi ambazo mataifa yaliafikiana kuziondoa kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 na marekebisho yake. Nyingi katika zilizokuja baada yake huongeza joto la dunia, na mwaka 2016 wajumbe wa mataifa walikutana Kigali, Rwanda, wakakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Mtu anayetafuta baridi ya chumba chake asiwaongezee joto watakaokuja baada yake.

Yamebaki mambo mawili ya matumizi. La kwanza ni israfu. Baadhi yetu tukiingia chumbani kwa joto huweka rimoti kwenye 16, tukidhani chumba kitapoa upesi. Katika viyoyozi vya kawaida hakipoi upesi zaidi, ila kompresa haipumziki. Digrii 24 mpaka 26 zamtosha mtu aliyelala. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huweza kula kilowati 1 kinapofanya kazi kwa nguvu. Kisipopumzika kwa saa 8 za usiku, hizo ni yuniti 8 za luku. Kikiwa safi, na madirisha yamefungwa, hupumzika mara kwa mara na yuniti hupungua.

La pili lina hatari kubwa zaidi. Viyoyozi vingi vya nyumbani haviingizi hewa mpya. Hewa ile ile ya chumbani huzungushwa na kupozwa tu. Kwa hivyo fungueni madirisha kila siku baada ya sala ya alfajiri, chumba kipumue. Nasi watu wa pwani twapenda udi na ubani, na si makosa. Lakini chetezo kisiwekwe katika chumba kilichofungwa kiyoyozi kikivuma. Moshi wake huganda kwenye chujio na koili kama utando wa mafuta, na ndio niliouona kwa dada yangu. Na makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua mtu usingizini. Fukizeni madirisha yakiwa wazi na kiyoyozi kimezimwa, kisha toeni chetezo nje, ndipo mfunge.

Ndugu zangu, dada yangu sasa hulala. Sisemi kwamba pumu imepona, wala dawa za hospitali hakuziacha, lakini haamki tena akiwa amekaa kitako. Mjukuu wake ndiye mwenye zamu ya chujio. Kila Ijumaa ya pili asubuhi hulitoa na kuliosha, na huandika tarehe kwa penseli nyuma ya mlango. Yule kijana fundi hutaja siku hizi bei ya kuosha kabla hajautoa mtungi wake, na wapo wanaomlipa na wapo wanaomfukuza.

Nawaombeni msiwe miongoni mwa wanaomfukuza. Fundi anayekwambia "chombo chako ni kizima, kimechafuka tu" amekuokolea fedha zako, basi mpe ujira wake kamili kwa furaha. Na nyinyi mlio katika kamati za misikiti, kiyoyozi kilichotolewa wakfu ni amana mikononi mwenu. Mteueni mtu mmoja ajulikane kwamba chujio ni kazi yake, kwani kazi ya watu wote mara nyingi haifanywi na mtu yeyote.

Wabillahi tawfiq.